Malalamiko ya Mjane Dhidi ya Kisanduku Kinachoangusha Wasio na Jozi

Bucha ya Kuruthumu,
Nyuma ya msikiti,
Meru mjini.

9 Oktoba 2025

Kwa Abdilatif, mtoto wa kaka yangu,
Mwandishi wa kiini cha visanduku vya mbuzi,
Nairobi.

Mwanangu mpendwa,

MINTARAFU: KISANDUKU CHAKO KUANGUSHA RAMBIRAMBI ZANGU

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeoga, na umekula kitu kilichopikwa. Mimi mwili uko salama. Kinachonisumbua ni hasira, na Zuleka jirani yangu amenishauri niiandike badala ya kuimalizia juu ya wateja. Nimetumia kalamu na karatasi, na Sulemani wa hapa bucha atakuletea mkononi akija huko kutazamwa macho, kwa sababu njia hiyo haina mtu wa kukaa katikati, kujumlisha herufi zangu na kuamua kama zinastahili kufika.

Nianze na shida yenyewe, maana nyinyi watu wa kompyuta mnasoma mstari wa juu na wa chini halafu mnasema mmeelewa. Shida ni Wambura. Wambura hasemi na mimi tangu mwezi wa sita. Hajaleta mbuzi, hajaleta ndengu, hajaleta hata maneno mabaya, ambayo ningeyapokea vizuri tu. Ninataka rafiki yangu arudi. Mengine yote utakayosoma humu ni maelezo ya nani alimfukuza, na nitathibitisha kwamba ni wewe.

Wewe unamjua Wambura, amekubeba. Lakini mkubwa wako wa kazi, ambaye naomba umsomee barua hii kwa sauti, hamjui, basi aambiwe. Wambura ni mwanamke mfugaji wa Ishiara kule Mbeere, Mkristo wa kukaa kiti cha mbele kanisani, mwenye mdomo usio na kufuli. Tulijuana miaka ishirini na miwili iliyopita aliponiletea mbuzi jike hapa bucha. Nilimshika tumbo yule mbuzi nikamwambia ana mimba, sisi hatumchinji. Akabisha. Akasema Mswahili wa mjini amejuaje mimba ya mbuzi wa Mbeere. Nikamwambia arudi naye nyumbani angoje. Baada ya mwezi akaja amebeba kitoto cha mbuzi ndani ya kiondo, akakisimamisha juu ya meza yangu ya kukatia nyama, akasema, "Nimekuletea shahidi." Tangu siku hiyo kila akileta mbuzi alikuwa analala kwangu, kwenye kitanda changu, upande wa ukutani, na kila asubuhi anailalamikia mito yangu kwamba ni migumu kama dhambi. Sasa nalala peke yangu na mito haina wa kuitukana. Nimekonda, mwanangu. Mama yako atakwambia sijakonda, usimsikilize.

Mwaka jana ukaja na visanduku. Kimoja ukanifungia hapa bucha, kimoja ukampelekea Marete anayetuuzia mbuzi kule Ruiri, na kimoja ukampelekea Wambura, kwa kuwa simu yake hushika mtandao akipanda juu ya kichuguu cha mchwa tu, na umri wake si wa kupanda vichuguu. Kisanduku chenyewe kina ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kina kioo kidogo, vibonyezo, na antena kama mkia wa panya. Mtu anaandika agizo lake la mbuzi, linarushwa hewani kutoka mlima hadi mlima mpaka linafika. Ulitueleza kwamba ndani mna kichakato kidogo sana, yaani ubongo wa mashine, na ndani ya kichakato mna mfumo endeshi, na katikati ya mfumo mna kiini kinachoamua kila kitu, na kiini hicho umekiandika wewe mwenyewe kwa mikono yako. Nadhira mama yako alilia kwa furaha. Mimi nilipika pilau. Naomba ijulikane kwamba nilipika pilau kwa ajili ya kiini hiki.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita mama yake Wambura akafariki. Habari nilizipata jioni, na mazishi yalikuwa siku ya tatu yake. Nilitaka kwenda. Mwenyezi Mungu anajua nilitaka kwenda. Lakini ilikuwa wiki ya Idd Kubwa, mbuzi walikuwa wamejaa uani mpaka mlango wa choo, Sulemani mchinjaji wetu alikuwa amevimba mkono wa kulia, na mtaa mzima ulikuwa unaniuliza mimi kana kwamba nimemvimbisha. Basi siku ya mazishi nikakaa mbele ya kisanduku chako nikaandika: "Pole sana Wambura kwa msiba wa mama." Nikabonyeza. Kioo kikasema umetumwa. Nikashusha pumzi, nikarudi kwa mbuzi.

Wambura hakujibu. Wiki ikapita, nikasema ana majonzi. Mwezi ukapita, nikasema yuko shambani. Mwezi wa tatu tangu mazishi nikawa nakikimbilia kisanduku kila kilipolia, na mtumaji si yeye.

Ukweli ulianza kujitokeza kwa Marete wa Ruiri. Kwa muda wote huo nilikuwa namgombeza kwamba hajui kuhesabu. Nikiandika "Leta mbuzi wanne", wanakuja wanne. Nikiandika "Leta mbuzi mmoja", anakuja mmoja, tena saa ile ile niliyotaka. Nikiandika sita, kimya. Saba, kimya. Kumi, kimya. Wawili, watano, wanane, kimya cha makaburini. Nilimwambia mbele ya watu kwamba akili yake ina vyumba viwili tu, cha mmoja na cha wanne. Masikini akaapa kwa mama yake kwamba hajawahi kuona agizo lolote la sita. Ndipo nikakupigia simu wiki iliyopita, nawe ukacheka, Abdilatif. Ulicheka kwanza ndipo ukaeleza. Ukasema, "Ah, shangazi, hiyo ni bug ndogo tu kwa checksum. Nita-fix."

Haya ndiyo niliyoelewa, na kama nimekosea unisahihishe kwa adabu. Kabla ujumbe haujatoka, kiini kinazishika herufi mbili mbili, nafasi na nukta zikihesabiwa humo humo. Kila jozi kinaigeuza kuwa namba, kinazijumlisha zote, kinachofurika kinarudishwa mwanzo na kujumlishwa tena, kisha jumla inageuzwa kinyume na kubandikwa kwenye ujumbe. Ukifika upande wa pili, kisanduku cha huko kinajumlisha upya. Ikilingana, ujumbe unapita. Isipolingana, inadhaniwa umeharibika njiani, na unaangushwa. Sasa, ujumbe ukiwa na idadi ya herufi isiyogawika kwa mbili, ile herufi ya mwisho inabaki bila mwenzake. Na wewe, kwa haraka zako, hukuipangia la kufanya. Kiini kikawa kinaipa mwenzake chochote kilichobaki hapo jirani kwenye kumbukumbu, mabaki ya ujumbe wa jana au wa juzi. Kisanduku cha upande wa pili nacho kinachukua mabaki yake. Mabaki hayafanani, jumla haziwezi kulingana, ujumbe mzima unatupwa. "Leta mbuzi wanne" ina jozi kamili. "Leta mbuzi sita" haina. Na rambirambi zangu? Nani huhesabu herufi za rambirambi?

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wambura amezika mama yake akingoja neno kutoka kwangu, na neno hilo liko chini, limeangushwa na kiini chako. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usipotee.

1. Kuangusha kimya kimya. Nilikuuliza kwa nini kisanduku hakikuniambia ujumbe umekataliwa. Ukajibu kwamba ndivyo ilivyo kwenye mitandao, ujumbe mbovu unaangushwa bila kelele. Sasa nisikilize. Hapa kichinjioni mkaguzi wa nyama akikataa ini, analipasua mbele yako, anakuonyesha mnyoo mmoja baada ya mwingine kama anakutambulisha kwa wakwe, ndipo analitupa. Unaumia, lakini unajua. Unaenda nyumbani ukiwa na mtu wa kumlaani. Kisanduku chako kiliniambia "umetumwa", kikazima taa yake, kikakaa hapo ukutani kinaniangalia miezi minne nikikitabasamia kila asubuhi. Nilikuwa nakipangusa vumbi, Abdilatif.

2. Kumbagua asiye na jozi. Mimi ni mjane, huu mwaka wa tisa. Zuleka, fundi cherehani wa mlango wa pili ambaye hunisomea hicho kioo kidogo, ana miaka thelathini na minne na hajaolewa, si kwa kukosa wachumba bali kwa kuwatazama vizuri. Sote wawili tulikusikia kwenye simu ukisema bila haya kwamba tatizo ni "ile ya mwisho imebaki peke yake". Watu wa mtaa wanasema hivyo hivyo juu yetu, lakini wao angalau hawajaiandika ndani ya mashine. Tena tazama ulivyomfanya asiye na jozi. Kwanza ulimwoza kwa mabaki ya jirani, halafu ukamtupa kwa sababu ndoa haikulingana! Sasa unasema umepata dawa: atapewa sifuri akae nayo, hesabu itimie. Mwanangu, ni wanawake wangapi wa mtaa huu walipewa sifuri wakae naye ili hesabu itimie? Nikianza kuwataja bahasha haitafungika. Na kwa taarifa yako, sisi tunaswali witiri kila usiku kabla ya kulala, rakaa isiyo na jozi, na haijawahi kurudishwa kwa kosa la kuwa peke yake.

3. Haraka. Uliniambia kwa fahari kwamba hesabu hii hukuiandika kwa lugha ya kawaida ya programu. Uliiandika kwa lugha ya chini kabisa, ile ambayo kichakato kinaielewa bila mkalimani, ukazipanga zile jozi nane nane ili kiini kizimeze kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa kichakato ni kidogo na betri ni ndogo. Ukaokoa kipande cha sekunde ambacho jicho haliwezi kupepesa ndani yake. Nikakuuliza ulikuwa unakimbilia wapi, ukarudia kusema betri ni ndogo. Mbuzi wa Wambura wanatumia nusu siku kuvuka korongo moja, kwa sababu kila mmoja anataka aonje kila kichaka. Hakuna biashara duniani isiyohitaji hicho kipande cha sekunde kama hii ya kwetu. Umenoa kisu robo saa nzima ukasahau kumfunga mbuzi.

4. Nimelifuta. Zuleka amelisoma akasema ni matusi, na kwamba mama yako atapata nakala.

5. Hesabu yenyewe ni kipofu. Nilidhani, sawa, ni katili lakini angalau inaijua kazi yake. Nikakuuliza: je, zile jozi zikibadilishana nafasi njiani, ya nyuma ikaja mbele, jumla itatambua? Ukasema, "Technically, shangazi, hapana." Kwa hiyo ujumbe wangu unaweza kufika miguu juu kichwa chini, na kiini kikaukaribisha kwa mikono miwili kwa sababu jumla ni ile ile! Mizani yangu pia iko hivyo. Niweke mguu kwanza au shingo kwanza, uzito haubadiliki. Lakini mizani yangu haijawahi kudai kwamba inaijua nyama. Ninayeujua mguu na shingo ni mimi, na ndiyo sababu nasimama nyuma yake kutwa nzima na magoti haya. Nani amesimama nyuma ya kiini chako? Ili nisionekane nina chuki, nakusifu kwa jambo moja: lile la kinachofurika kurudishwa mwanzo na kujumlishwa tena. Hiyo ni tabia njema. Ni kama mgeni aliyekosa nafasi kwenye sinia la nyuma, akaitwa aje ale na wenye nyumba.

6. Haijui uongo. Mwezi wa nane Marete aliniandikia, "Mbuzi hawa ni wanono". Jozi kamili, jumla sawasawa, ujumbe ukapita kama bwana harusi. Wakaja mbuzi ambao ungeweza kuwatundikia nguo. Mmoja alikuwa ameegemea mwenzake ili asimame. Basi nieleze, kiini chako kinalinda nini hasa? Uongo wa Marete ulifika bila hata mkwaruzo, na masikitiko yangu ya kweli, niliyoyaandika machozi yakinidondokea kwenye vibonyezo, yakaambiwa hayalingani. Machozi hayakuwa mengi, kulikuwa na watu. Lakini yalikuwapo.

7. Wewe mwenyewe. Una miaka thelathini na mmoja. Unakaa chumba kimoja na waya. Huna mke, huna mchumba, huna hata paka. Kwa sheria ya kiini chako mwenyewe ungekuwa umeangushwa zamani, kimya kimya, bila hata mama yako kujulishwa. Lakini sisi hatujakuangusha. Tumekupikia, tumekuombea, na tumekutaja kwa familia tatu zenye mabinti wazuri hapa mjini na moja kule Kaaga. Nataka utafakari tofauti iliyopo kati ya roho yetu na roho ya msimbo wako.

Baada ya kukueleza hayo, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya mwezi kwisha.

Kwanza, hiyo jumla ya kuhakiki iondolewe kabisa ndani ya kiini. Usiirekebishe, iondoe. Ujumbe uaminiwe kwa sababu unatoka kwa watu wanaojulikana. Mimi nimekata nyama mtaa huu tangu hujazaliwa, na mteja anayeniamini hapimi tena nyumbani.

Pili, kama mkubwa wako atakataa, basi ujumbe usiangushwe mpaka kiini kiitishe baraza. Wawepo wajumbe wasiopungua watano, wawili wao wanawake, na mmoja awe mjane. Mtumaji aitwe ajitetee. Kumbukumbu za kikao ziandikwe. Sijali kama kichakato ni kidogo; hata ofisi ya chifu ni ndogo na watu wanakaa hadi dirishani.

Tatu, kwa kuwa umetaja chifu, au nimemtaja mimi, sijui, kila ujumbe uruhusiwe kuja na barua ya chifu inayosema mtumaji ni mkazi halali na hana rekodi mbaya. Ukiwa na barua hiyo, hata herufi zikiwa tatu, upite.

Nne, rambirambi, posa na salamu za Idd zisiguswe na hesabu yoyote. Zipishwe njia kama gari la wagonjwa.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, nataka uende Ishiara. Chukua kilo nne za sukari, majani ya chai, leso mbili nzuri za rangi ya kahawia maana Wambura hapendi nyekundu, na hicho kiini chako ukakichapishe kwenye karatasi ukibebe mkononi. Ufike nyumbani kwake, usimame uani ambapo mbuzi na majirani wote watakuona, umwonyeshe kwa kidole mstari wenye kosa, na useme: "Mama Wambura, si Kuruthumu. Kuruthumu alikuandikia siku ile ile ya mazishi. Ni mimi niliyemwangusha." Halafu ukae hapo mpaka acheke. Akicheka utajua, kuku wote hutawanyika. Asipocheka siku ya kwanza, msaidie kuchunga mpaka siku atakapocheka. Kazi yako ya Nairobi itakungoja, na isipokungoja, hapa bucha kuna kisu na aproni.

Naamini utaona kwamba sijaomba kitu kikubwa. Sijaomba fidia, sijaomba kuombwa radhi na kampuni. Nimeomba mtu mmoja aende akaeleze, kwa sababu mimi nikienda mwenyewe bila ushahidi ataniona nimetunga. Wewe una karatasi. Watu huamini karatasi.

Wasalimie wenzako wa kazini, hata yule wa ndevu aliyekula pilau mara tatu na hajasema asante. Msalimie mama yako ukimpigia, umwambie nyumba ni nzima na paa bado linavuja pale pale. Marete anakusalimu, anasema umesafisha jina lake na sasa nikiandika kumi anataka aone kama nitathubutu kumgombeza. Zuleka anakusalimu kwa ubaridi. Msalimie pia mkubwa wako, na ikiwa yeye ameoa, umuulize jozi ilipatikanaje.

Ni mimi, shangazi yako wa mwisho kwenye mstari,

Kuruthumu

Nakala kwa:
Nadhira, mama yako
Mkubwa wako wa kazi, kama anasoma Kiswahili
Imamu, kwa taarifa tu

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha, na Sulemani amesimama mlangoni na mfuko wake, Marete alipoingia na mbuzi. Anasema juzi alipita Ishiara kutafuta beberu wa mbegu, akafika kwa Wambura. Nilikuwa sijamtuma, lakini kwa vile nimemtukana mwaka mzima alitaka kunitendea wema. Akamweleza yote, kuhusu kiini, na jozi, na mabaki, na rambirambi zangu zilizoangushwa.

Wambura akaingia ndani akatoka na kisanduku. Hajawahi kuufuta ule ujumbe. Marete ameusoma kwa macho yake: "Pole sana Wambura kwa msiba wa mama." Mzima, haujapungua chochote. Zuleka sasa hivi amehesabu kwa ncha ya sindano, herufi na nafasi ni thelathini na tano, na nukta niliyoiweka mwishoni ni ya thelathini na sita. Jozi kumi na nane kamili. Jumla ililingana, mwanangu. Ulifika saa ile ile niliyoutuma, kisanduku kikalia uani watu wakiwa wanamtoa mama yake ndani, yeye akadhani ni mtu anaagiza mbuzi.

Marete hakutaka kuniambia alichosema Wambura. Nilimlazimisha. Alisema hivi, "Enda uulize huyo Kuruthumu kama mimi ni mbuzi. Mama yangu anazikwa, yeye anaongea na mimi kwa box ya mbuzi."

Kwa hiyo hiyo hesabu iache ilivyo, ipe ile herufi ya mwisho sifuri yake na usiguse kingine. Nakala ya mama yako usimpe. Na Ishiara usiende, nitakwenda mimi kesho alfajiri. Nimeketi hapa tangu adhuhuri natafuta neno la kuanzia nikifika pale uani, na sijalipata.